Gari Ambalo Halikukunjika

Gari la baba lilikuwa la Kiingereza, la chuma kitupu, lenye pembe kila upande. Vioo vyake vilifunguliwa kwa kusukumwa. Halikuwa na mkanda, na usukani wake ulikuwa mpana kama ungo. Alibeba pamba humo miaka mingi.

Siku moja mchana, akirudi kutoka Kiloleli, alikwepa mbuzi akagonga ukingo wa kalavati. Hakuwa anakimbia. Taa moja ilipasuka, bampa likapinda kidogo. Usukani ulimpiga kifuani. Alifia hospitali, Bariadi, kabla sijafika.

Msibani wanaume walilizunguka lile gari.

"Hiki ndicho chuma," baba mdogo alisema, akilipigapiga. "Limegonga zege na halijakunjika."

Wakaitikia. Mimi pia niliitikia kwa kichwa. Liliwaka mara moja, likaenda kuchota maji ya wageni. Kesho yake lilibeba jeneza. Nilikaa nyuma nikiwa nimelishika lisiteleze, na sikumbuki kuhisi chochote isipokuwa joto la bodi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia, na magari ya Kijapani yaliyotumika yalianza kuonekana mjini, ya duara, kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Kaka yangu, ambaye alikuwa akiwanunulia pamba matajiri hao, akaleta moja jeupe. Vioo vilishuka kwa kubonyeza kitufe. Ukiwasha, sauti ya mwanamke ilisema neno la Kijapani, naye mama akawa anamwitikia kwa heshima.

Baba mdogo aligonga boneti kwa kidole. "Hili ni bati. Debe la mafuta."

Hakukosea sana. Vumbi la Bariadi liliua vitufe mapema, na kioo cha upande wangu hakikushuka tena. Tulikuwa tunaokwa humo ndani.

Ndivyo tulivyokuwa tukienda Lamadi siku moja, kaka akiendesha, mama mbele, mimi nyuma. Kaka hakuwasha gari mpaka mama afunge mkanda. Mama alilalamika kuwa unamkaba kama mbuzi wa mnada. Mbele kidogo maksai alikurupuka kutoka kichakani. Tulimgonga.

Pua yote ya gari iliingia ndani. Boneti lilijikunja kama karatasi, maji yakamwagika barabarani. Tukashuka, watatu, wazima. Mama alikuwa na alama nyekundu begani, basi.

Kaka alishika kichwa. "Gari langu! Angalia lilivyoisha!"

Mama alilisogelea, akapitisha kiganja kwenye ile mikunjo, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani.

"La baba yenu halikukunjika," alisema.

Kaka aliondoa mikono kichwani. Nilielewa alichosema mama, nikangoja machozi yaje. Hayakuja. Nilikwenda kumtafuta mwenye maksai.

Gari la kaka liligongwagongwa nyundo mjini, likatembea tena, upande upande. Baba mdogo, aliyelichukua lile la chuma baada ya msiba, aliendelea nalo kwa miaka, akilisifia. Mama hakulipanda tena. Baba mdogo akimkuta anakwenda mnadani kwa miguu, alisimama, akamfungulia mlango.

"Panda, shemeji. Jua kali."

Mama alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za watoto, kisha akaendelea kutembea pembeni mwa barabara.