Mpiga Pasi Aliyeijibu Simu kwa Adabu

Saa moja kasorobo asubuhi, Bi Mkunjo anajaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia huku akiitazama simu iliyoegemezwa ukutani. Wenzake wamempa jina hilo kwa sababu jicho lake halisamehe mkunjo, hata wa ndani ya kola. Programu ya kliniki inamuuliza anaendeleaje. Siku hizi hakurupuki kuijibu.

Mwaka wa kumi na tisa huu anapiga pasi kwenye duka hili la dobi, mashati sitini kwa siku, mbali na mashuka ya hoteli. Bega la kulia lilianza kumsumbua mwaka juzi. Lilimnyima kwanza usingizi, halafu likamnyima hata kujifunga kitambaa kichwani mwenyewe.

Daktari wa viungo, kijana mpole wa maneno machache, alimwambia ajaze programu hiyo mwezi mzima: moyo ukoje, na maumivu ni kiasi gani kutoka sifuri hadi kumi. Baada ya hapo wangeamua kama aendelee na pasi au aiache kabisa. Bi Mkunjo alitoka pale akiiwaza pasi yake. Kazi nyingine haijui, na wala hataki kuijua.

Basi akajaza. Kila asubuhi simu ilimuuliza habari za leo, naye akabonyeza uso unaocheka. Maumivu? Sifuri. Siku thelathini, hakukosa hata moja.

Daktari alipoifungua rekodi alifurahi kweli. Akasema mama amepona, anamfungia faili. Bi Mkunjo akashtuka, maana asubuhi ile ile alishindwa kuinua mkono kufunga dirisha.

"Nikamwambia, mwanangu, mtu akikuuliza habari utamjibu mbaya, hata hamjamaliza kusalimiana?" anasimulia. "Mimi nilingoja iniulize tena. Haikuuliza."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akakiri kwamba hata mama yake mzazi humwambia kwenye simu kuwa ni mzima, mzima kabisa, ila. Ugonjwa wote huja baada ya hiyo ila. Akamwongezea mwezi mmoja.

Dawa ilipatikana kazini. Mfuaji wa zamu yake, mwanamke mcheshi aitwaye Povu, alijitolea kumsalimia kwa kirefu kila asubuhi: za kuamka, za watoto, za wajukuu. Wakishafika kwenye ila, Povu anaichukua simu na kuandika namba hapo hapo.

"Siku ya kwanza alisema saba," anasema Povu, na ucheshi unamtoka. "Mwaka wa sita tunapiga soga hapa, sikujua kumbe ni saba. Iliniuma."

Namba zikaanza kueleza mambo. Siku za mashuka, Jumatatu na Alhamisi, maumivu yalipanda hadi nane. Siku za mashati yalishuka, na moyo ulikuwa mweupe. Mwenye duka alipoonyeshwa hakubisha. Mashuka yakahamia kwa mwenzao wa meza ya pili, na meza ya Bi Mkunjo ikafupishwa miguu kwa msumeno ili asilazimike kuinua bega.

Wiki tatu sasa namba haijavuka tatu. Daktari anataka kuona miezi mitatu ya namna hii kabla ya kutoa neno la mwisho, lakini neno la Bi Mkunjo liko tayari.

"Pasi nitaiacha siku nitakayoichoka mimi," anasema. "Bega halitaniamulia."