Mwezi Ulioandama Mkesha wa Krismasi

Kama umewahi kupiga simu hospitalini kwetu mchana, umeshaongea na Mama Waya hata kama humjui. Ndiye anayeitika, kwa sauti laini ya mtu aliyelala vizuri, akakuuliza unamtaka nani, kisha akakuunganisha na wodi. Uso kwa uso sauti hiyo huisikii. Mama Waya ana kauli kali, na ukithubutu kuweka kikombe cha chai juu ya ubao wake wa simu atakutimua. Mimi nakaa dirisha la mapokezi, mgongo kwa mgongo naye, na nimeshatimuliwa sana.

Ubao huo una watu wawili, yeye na mwenzake anayemwita Shoga. Kwa kuwa wagonjwa hawajui sikukuu, waligawana zamu kwa dini. Mama Waya ni Mkristo, kwa hiyo siku za Idi anakaa yeye. Shoga ni Mwislamu, naye hukaa Pasaka na Krismasi. Diwali wanakuwepo wote wawili, maana mfamasia wetu huleta vitu vitamu siku hiyo na hakuna anayetaka kusimuliwa. Daktari wa meno ana mwaka mpya wa kwao Uchina, na asubuhi yake Mama Waya humpa heri kwenye simu kabla hajamwunganisha na mgonjwa yeyote. Ukitaka kujua leo ni sikukuu ya nani, huna haja ya kalenda.

Tatizo ni kwamba Idi haitulii mahali pamoja. Kila mwaka inasogea nyuma kidogo, na sisi tuliiona ikija, mpaka mwaka ule ikafika mlangoni kwa Krismasi. Mwezi ukiandama jioni ya mkesha, Idi ingekuwa Krismasi yenyewe. Usipoandama, ingekuwa kesho yake, na kila mtu angebaki na siku yake.

Wengine walilicheka jambo hilo. Mama Waya hakucheka, kwa sababu ya binti yake. Binti huyo aliolewa na Mwislamu, akabadili dini, na mama mtu akagoma kwenda harusini. Tangu hapo salamu zilipita kwa shangazi. Mjukuu alizaliwa, akatambaa, akaanza kusema, na bibi yake hajamwona hata kwa picha. Halafu shangazi akaleta maneno: "Anasema Krismasi atakuja kwako, na mtoto."

Mama Waya alinieleza hayo bila kugeuka, kana kwamba anaongea na ubao. Kisha akauliza, "Sasa ikiwa ni Idi, ataacha kwa wakwe zake aje kwangu?"

"Mpigie umuulize," nikasema.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Akaunganisha simu iliyokuwa ikiita. Mtu anayepiga simu kutwa nzima, za madaktari, za mawaziri, za waliofiwa, hiyo moja ilimshinda. Alikuwa anaogopa kuambiwa hapana, na nilitamani kumpigia mimi, ila hayanihusu.

Jioni ya mkesha tulichanganyikiwa sote. Mawingu yalijaa, na ubao ukawaka taa kila mahali, maana watu wakikosa pa kuuliza hupiga hospitali. "Jamani, mwezi umeandama?" Mama Waya alijibu kwa sauti yake laini kwamba hapa ni hospitali, kisha akaongeza kwa unyonge, "Lakini ukisikia lolote, nipigie." Redio ya mlinzi ikasema haujaonekana. Redio ya jikoni ikasema umeonekana. Shoga akatoka uani kutazama juu, na Mama Waya nyuma yake, kakaza shingo kuliko Mwislamu yeyote pale.

"Usionekane, tafadhali," nilimsikia akinong'ona. Kisha akashtuka, akamshika mkono Shoga. "Nisamehe, mwenzangu. Ni Idi yako, na mimi naiombea ichelewe."

"Wala usijali," Shoga akasema. "Hata ikiwa kesho nitakaa mimi. Wewe una mgeni."

Punde likaja tangazo lenyewe, na redio zote mbili zikakubaliana: mwezi umeandama. Shoga akamkumbatia, akarudia kwamba atakaa yeye. Mama Waya akakataa.

"Nenda kasherehekee na wanao. Mgeni wangu hatakuja. Leo nimeshajua."

"Umejuaje? Umempigia?"

"Mambo mengine hayahitaji kuulizwa."

Basi, Krismasi asubuhi nikamkuta kwenye kiti chake, kavaa gauni la kazini. Nilimuuliza kama amepika chochote nyumbani. Akasema apikie nani. Nikampa heri ya Krismasi, naye akaniambia nisimpigie kelele. Wapigaji wenyewe hawakujua waseme nini. Mmoja alianza na Idi Mubarak, akajirudi akasema Krismasi njema, mwishowe akaomba tu wodi ya wazazi.

Mkono wake wa simu ulikuwa mbovu wiki ile, kwa hiyo alitumia spika, na kila kitu kilinifikia. Ndiyo maana niliisikia na ile simu.

"Hospitali, habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Ikajibu sauti ya mwanamke: "Mama, ni mimi. Niko mlangoni kwako. Mbona umefunga?"

Nikageuka. Mama Waya alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Si leo ni Idi?" akauliza.

"Ndiyo, ni Idi. Tumetoka kuswali tukaja moja kwa moja."

"Na wakwe zako?"

"Wanajua. Tutakwenda kwao jioni. Nilisema Krismasi nakuja, mama. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Subiri nikuunganishe," akasema Mama Waya.

Mwenyewe alishtukia alichosema. Hakujua acheke au alie, na mimi sikujua nitazame wapi. Taa za ubao zilikuwa zinawaka na kuzimika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuzigusa.

"Nilidhani hamtakuja," akasema hatimaye. "Ungenipigia."

"Ungenipigia wewe," binti akajibu, wala hakuwa na hasira. "Simu zote unazo wewe."

Nyuma ya binti kijitoto kikauliza, kwa sauti iliyochoka kusimama, "Bibi yuko wapi?"

Kiti kikarudi nyuma na kugonga ukuta. Alipita dirishani kwangu bila mkoba, gauni limejikunja, anakimbia kama hana magoti mabovu. Nikaenda kukaa pale asipokubali mtu akae. Sikujua hata kibonye kimoja ni cha nini.

"Mama?" sauti ilikuwa bado inaita kwenye spika. "Mama, umekata?"

"Hajakata," nikasema. "Anakuja."