Mkono wa Kipenga

Kaka yangu wanamwita Kipenga, na hata marehemu mkewe alimwita hivyo hivyo. Ni askari wa usalama barabarani. Kituo chake ni njia panda iliyo mbele ya kibaraza ninaposhonea nguo, kwa hiyo namjua kwa mgongo zaidi kuliko kwa uso. Glavu zake nyeupe anazifua mwenyewe, na ukijitia kimbelembele kumsaidia kuzianika atakununia kutwa. Akisimama pale katikati, kifua mbele, mkono mmoja umezuia barabara ya hospitali na mwingine unaita ile ya sokoni, utadhani barabara zote kaachiwa urithi na baba yetu. Mimi sikuachiwa hata uchochoro.

Sifa yake kubwa ni haki, na hiyo hakupewa bure. Aliwahi kusimamisha msafara wa harusi, bibi harusi akatoa kichwa dirishani kumbembeleza, naye akamwambia asubiri zamu yake. Aliwahi kuzuia gari la mkuu wake wa kazi, akahamishiwa kulinda geti la ghala, na madereva wenyewe ndio waliolalamika mpaka akarudishwa. Kitu kidogo hapokei. Ukimuuliza atakwambia kwamba magari hayana majina, na anakwambia kwa sauti ya kuhubiri ambayo mimi, dada yake, imenichosha siku nyingi.

Ana mtoto mmoja tu, binti. Mama yake alifariki mtoto angali mdogo sana, tukamlea sisi wawili: mimi nashona sare, yeye anapiga pasi. Binti akasoma mpaka akawa mhadhiri wa chuo kikuu, na kila mahali alipofika alipenda kusema kwamba hakubebwa na mtu. Ilikuwa kweli, na tulijivunia.

Utafiti wake ni wa taa za barabarani zenye akili, zinazotazama magari kwa kamera na kuamua zenyewe nani apite. Taa za namna hiyo lazima zifundishwe, na mwalimu aliyemchagua ni baba yake. Alifunga kamera juu ya paa la kibaraza changu, ikamtazama kaka msimu mzima, na kompyuta ikajifunza kumuiga: wapi afungue, wapi afunge, kwa muda gani. Kaka yangu alivimba kichwa mpaka nikadhani ile kofia ya kazi itamkataa.

Kisha ukaja mkutano wa wasomi wa usafiri kutoka nchi mbalimbali, katika ukumbi wa chuo. Wakuu wa jiji nao walikuwepo, kwa sababu mwisho wa mkutano wangechagua kazi moja tu ikafungwe kwenye njia panda zote za mji. Binti alikuwa ameiwania nafasi hiyo kwa miaka. Akatualika, akaniomba nimshonee baba yake koti, maana alitaka awepo wakati kazi yake ikisifiwa. Nikashona. Mabega yake yalinitoa jasho, bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto kwa kazi ya kuzuia watu.

Tulikaa safu ya katikati, kiyoyozi kikitugandisha. Kaka alikuwa amevishwa kitambulisho shingoni kilichoandikwa Mgeni Maalumu, na hakuacha kukipapasa. Msemaji mmoja alipoeleza kwamba siku zijazo magari yatazungumza yenyewe kwa yenyewe, kaka akaninong'oneza kwamba kwetu yanazungumza zamani, ila ni matusi matupu. Nilicheka mpaka mama mmoja akageuka kututazama.

Binti alipopanda jukwaani alisimama kama baba yake, kifua mbele. Alieleza kwa lugha nyepesi kwamba mifumo mingi inaharibika kwa sababu inafundishwa na watu wenye upendeleo, lakini wa kwake umefundishwa na askari asiyemjua mjomba wala shangazi. Akamwomba asimame. Kaka akasimama, akapiga saluti, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Muda wa maswali ulipofika, mtafiti mmoja mwenye mvi, mpole wa sauti, akaomba kipaza sauti. Alisema amesoma matokeo yote na kazi ni nzuri. Kuna jambo moja tu halielewi. Kila asubuhi ya kazi, mfumo unafungua barabara ya mlimani hali ina magari machache, huku barabara ya hospitali ikizuiwa na foleni yake imefika mbali. Kompyuta isingebuni kitu kama hicho. Lazima ilimwona mwalimu wake akifanya, na yeye angependa kujua mwalimu alikuwa anaona nini.

Binti hakushtuka. Alitabasamu, akasema bila shaka kuna sababu, tuitazame pamoja, akatafuta picha za kamera na kuzionyesha kwenye skrini. Tukaiona foleni ya hospitali. Tukauona mkono wa kaka umeizuia. Kutoka mlimani likaja basi la wafanyakazi wa chuo, likapita bila hata kupunguza mwendo. Akaonyesha asubuhi nyingine, basi likapita vile vile. Akaonyesha nyingine tena. Safari hii aliivuta picha ikawa karibu zaidi, na watu wote waliona kwamba basi linapopita, askari anageuza shingo kulifuata, na vidole vya mkono wake wa chini vinapunga.

Binti aliisimamisha picha. Mimi nilikuwa nimeuona mkono ule tangu enzi za basi la shule lililomleta kutoka nyumbani kwetu mlimani, na hata alipopanga chumba chake binti alipanga huko huko. Niliuona nikausifu moyoni, nikaona baba ndiye huyu. Foleni ya hospitali sikuwahi kuigeuzia macho.

"Basi hilo napanda mimi," binti akasema. "Na askari huyo ni baba yangu."

Nyuma yetu mtu akacheka, kicheko kifupi cha pua. Mwenyekiti wa kikao, nadhani kwa nia njema, akasema kwamba kwa kuwa mzee mwenyewe yupo, labda atueleze. Kipaza sauti kikaletwa. Kaka alikishika kwa mikono miwili, mtu ambaye anaweza kukemea lori likatii, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Akichelewa shule alikuwa analia," akasema. "Nikazoea."

Akakaa. Sijawahi kuona aibu kama ile, nami nimeishi na aibu za kila aina. Angelikuwa ametukana ningejua pa kuangalia. Yule mtafiti mwenye mvi aliinamisha uso kama aliyejuta kuuliza. Binti akauambia ukumbi kwamba mfumo wake una upendeleo na anayependelewa ni yeye mwenyewe, kwa hiyo anaiondoa kazi yake kwenye uchaguzi. Alizima kompyuta, akashuka. Hakuna aliyejua kama ilifaa kupiga makofi.

Tulimkuta nje, kwenye ngazi. Kaka alikuwa ameshavua kitambulisho, amekikunja ndani ya kiganja. Alimwomba radhi, akamwambia atakwenda kwa wakuu wa jiji mwenyewe kueleza kwamba kosa ni lake. Binti akatikisa kichwa.

"Sina hasira nawe, Baba," akasema. "Naona aibu. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba sikubebwa, kumbe hata kufika kazini nafunguliwa njia."

Kaka akakitia kitambulisho mfukoni mwa koti nililomshonea.

Siku ya kazi iliyofuata nilifungua kibaraza mapema, nikaiacha cherehani imefunikwa. Kaka alikuwa kituoni kwake, glavu zinang'aa, anafanya kazi kwa makini kama askari mgeni. Foleni ya hospitali ilikuwa ndefu. Ndani ya teksi moja niliona mzee amelazwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mwanamke, na nikashangaa ni wangapi wa namna hiyo walipita mbele yangu nikiwa natunga uzi.

Basi la chuo likachomoza kutoka mlimani. Niliona kaka ameliona. Niliona mabega yanakaza, yanajizuia. Halafu mkono ukapanda wenyewe, hospitali ikafungwa, mlimani kukafunguliwa, na shingo ikageuka kulifuata basi dirisha kwa dirisha. Binti hakuwamo.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi la kutembea, kati ya watembea kwa miguu waliozuiwa ili basi lipite. Kaka alimwona. Mkono ukabaki juu, na barabara ya mlimani ilikuwa tupu. Hatimaye akaushusha, watu wakavuka, na binti akavuka nao. Alipita karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa.

"Asante, afande," akamwambia, kama walivyosema wenzake wote, akaendelea na safari.

Kaka yangu akabaki pale katikati, ameukamata mkono wake mmoja kwa mkono mwingine, na magari ya kila barabara yanampigia honi.