Matanga Yaliyoandikwa Hoteli

Miaka hiyo ya themanini mji ulikuwa umeshatumeza sisi wa upande wa Otonglo, shamba la wakwe zangu likaitwa ploti. Sawa. Lakini barua ya ushuru ilipokuja ikisema boma langu ni hoteli, damu ilinichemka. Mimi, mjane wa miezi mitatu, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, eti nina hoteli. Ushuru wake singeuweza hata kwa miujiza, na barua ilisema wazi kwamba nisipolipa ploti itauzwa.

Shemeji yangu aliniambia niachane na mambo ya ofisi, niuze, nirudi kwa wazazi wangu Kombewa. Nilimwambia kwangu ni hapa, na kama amechoka kuniona apite njia nyingine.

Nikaenda mjini kujaza fomu ya kupinga. Karani alisema bado zimebaki siku mbili za kupinga, afadhali nirudi nyumbani nikafikirie. Niliijaza palepale, nimesimama.

Siku ya kusikilizwa nikamkuta mkaguzi mwenyewe aliyeliandika boma langu hoteli, na suti yake. Akawaeleza wazee watatu waliokaa mezani kwamba alipopita kwangu alikuta hema, mabenchi, sufuria kubwa kubwa na umati wa watu wakila. Hata yeye aliandaliwa ugali na nyama. Kumbe ni yule! Kwetu kwenye msiba hakuna anayefukuzwa. Ukiingia unapewa maji ya kunawa, unakula, huulizwi umetoka wapi. Nilikuwa nimempakulia kwa mkono wangu, macho yamevimba, nikidhani ni rafiki wa marehemu.

Nilisimama kabla sijaitwa.

"Bwana, ulikula matanga ya mume wangu. Waambie wazee hawa ulilipa shilingi ngapi."

Alibaki kupekua makaratasi yake mpaka nikamwonea huruma, lakini kidogo tu. Mwenyekiti wa wale wazee akafuta neno hoteli, akaandika makao.

Kisha akaniambia kwamba wajane wana msamaha wa ushuru. Kumbe upo siku zote na hakuna aliyewahi kunieleza! Akanipa fomu. Juu imeandikwa: mjane asiyejiweza. Msamaha niliutaka, ni haki yangu. Nilikata neno asiyejiweza kwa mistari miwili, nikatia sahihi, nikamrudishia.

"Mama, bila hilo neno haipiti," akasema.

"Nimemzika mume wangu, ninalima, na leo nimekuja hapa kwa miguu," nikamjibu. "Hilo neno mtafutie mtu mwingine. Muhuri unapigwa hapo chini."

Akapiga muhuri.