Chenye Miguu Hakiingii

Mitaani walimwita Mama Milango, ingawa hakuwa na mtoto, na milango yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya watu wengine, elfu nne na ushei, yote imepigwa picha kutoka upande wa pili wa barabara, imenyooka na kutulia kama watu waliofumba macho wakisubiri kuambiwa jambo.

Kampuni yake ilizaliwa na kero. Katika mitaa ile nyumba hazikuwa na namba, na barabara yenye jina ilikuwa nayo mawili. Mpeleka mizigo alipiga simu mara sita kabla hajafika: nipo kwenye nguzo, nguzo ipi, hii iliyoinama, zote zimeinama. Yeye wakati huo alikuwa karani wa bima, na Jumapili asubuhi alizunguka na kamera ya mtumba akipiga picha za milango, kwa mapenzi tu, maana mlango haukuulizi unanipiga ya nini. Siku moja, badala ya kumweleza mpelekaji njia, akamtumia picha. Yule bwana akafika bila kupiga simu hata moja. Karani akaacha bima, akafungua kampuni ya kupeleka mizigo kwa picha za milango.

Miaka sita baadaye alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya karakana ya fundi vioo, wafanyakazi kumi na mmoja, na sentensi moja ukutani kwa herufi kubwa: CHENYE MIGUU HAKIINGII.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Katika miezi ya mwanzo, picha ya nyumba moja ilikuwa na fundi viatu ameketi pembeni mwa mlango. Fundi akahamia mtaa wa pili, na mpelekaji akamfuata fundi. Dawa za presha zikaachwa kwa watu wasiohusika, na mwenye presha akakaa siku mbili bila kidonge. Tangu hapo hakuingia mtu, paka, pikipiki wala kiti. "Mtu huondoka, mlango hubaki," aliwaambia wawekezaji, nao wakapenda, mmoja akaandika kabisa kwenye daftari lake. Yeye mwenyewe aliona ni maneno ya busara. Hakuona kwamba ni maneno ya msiba.

Mlango namba moja ulikuwa wa kwa baba yake. Wa kijani, chini umepigwa bati pale mvua ilipokula mbao. Baba, dereva wa lori aliyestaafu, alikaa kulia kwa mlango ule kila alasiri, redio ya stesheni moja juu ya goti. Sheria ilipopitishwa, binti akaenda kuurudia mlango.

"Baba, sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Utoke kwenye picha."

"Nimekaa hapa miaka thelathini, leo mlango umenizidi cheo?" Mzee akacheka, akabeba kigoda na redio, akazunguka pembe ya nyumba. Kutoka kule akapaza sauti: "Tayari? Nimeshatoka duniani?"

"Bado kivuli, baba."

"Ha! Kivuli nacho kimekosa!"

Akakiondoa na kivuli. Picha ikatoka safi.

Mzee alikufa ghafla mwezi wa tano, ameinama akifunga kamba za viatu. Watu walipokwisha kuondoka na viti vya kuazima kurudishwa, mama aliomba kitu kimoja tu: picha ya kuweka ukutani. Msumari alishaupigilia mwenyewe. Iliyokuwepo ilikuwa ya leseni ya udereva, ambamo marehemu alionekana kama mtu anayesingiziwa wizi.

"Huyu dereva tu," mama alisema, akaisukuma mezani. "Mimi sikuolewa na dereva. Namtaka yule anayecheka. Mpiga picha wa ukoo huu si wewe?"

Basi mpiga picha wa ukoo akajifungia ofisini siku nne. Akapekua milango yote, kisha picha zake za Jumapili, miaka tisa ya Jumapili: makufuli, vitasa, ngazi zilizoegemea kuta, nyufa alizokuwa amezionea fahari. Cha baba yake alipata kiwiko. Akapata mgongo. Picha ya tatu haikuwa na baba, ilikuwa na kigoda chake, na mwanga mzuri sana.

Siku ya nne ndipo akamkumbuka Studio.

Studio alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa na studio ya picha hadi simu zilipommaliza. Miaka miwili nyuma kampuni ilimwajiri arudie milango ya zamani, kwa kuwa mingi ilikuwa imepakwa rangi upya. Akaleta milango mia na sitini, na katika kila mlango amesimama au ameketi mwenye nyumba. Akaitwa mbele ya wafanyakazi wote.

"Mzee wangu, sheria ile ukutani huioni?"

"Naiona, bosi. Lakini mlango bila mtu ni ubao."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfanya bosi awe mgumu. Akamsimamia begani mpaka akazifuta zote, moja baada ya nyingine, kisha akamwachisha kazi siku hiyohiyo. Yeye hakuziangalia. Na mtaa wa kwa baba yake ulikuwa miongoni mwa mitaa ile.

Alimkuta kwenye duka la kutoa kopi, akipiga picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe.

"Bosi wa milango!" Studio akasema bila kunyanyuka. "Unataka pasipoti, au nisogee upige shuka?"

Alistahili. Kisha akaeleza. Mzee akaiweka kamera mezani taratibu.

"Mlango wa kijani? Bati chini? Yule wa redio?"

"Ndiye."

"Alikuwa baba yako?"

"Hakukwambia?"

"Aliniambia nimpige vizuri, picha inakwenda kwa mtu mkubwa. Nikajua ananitania." Studio akapangusa miwani kwa pindo la shati. "Akaingia ndani kubadili shati. Alivyotoka, vifungo vimepishana, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikamwambia, mzee, vifungo. Akasema acha, atakayeiona kanizoea. Halafu akaniuliza: kwa hiyo leo sisogei? Nikamwambia usisogee hata kidogo. Hapo ndipo alipocheka. Nikabonyeza hapohapo, mdomo wazi, jino lile la pembeni halipo."

"Hukubakiza hata moja?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua. "Hata kwa kusahau?"



"Ulisimama hapa." Studio akagusa bega lake mwenyewe. "Nafuta, wewe unasema: nyingine. Nafuta, unasema: nyingine."

Mteja akaingia, akaketi mbele ya shuka, akatengeneza kola. Studio akaichukua kamera yake. "Pole, mwanangu," akasema. Angemwita bosi isingeuma hivyo.

Binti alimsimulia mama yake yote, na ya kufuta pia. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Vifungo vilimshinda tangu injini ilipomponda kidole," akasema mwishowe. Kisha: "Shati lipi?"

Hakujua. Hakuwa ameuliza. Mama akageuka akautazama msumari.

Asubuhi yake alifungua kumbukumbu za mlango namba moja. Chini ya kila picha kuna nafasi ya maelezo, ambayo wapelekaji huyasoma wakikaribia: rangi ya mlango, kitasa upande gani, ngazi ngapi. Akakaa mbele ya nafasi ile mpaka chai ikapoa. Halafu akaandika: Mlango wa kijani, bati chini. Kulia ameketi mzee mwenye redio. Anacheka. Vifungo vya shati vimepishana.

Dada wa kumbukumbu, ambaye kazi yake ni kukagua kila kinachoandikwa, akatoka mezani kwake akaja na simu mkononi.

"Dada, huyu wa namba moja ana miguu."

"Najua."

Yule dada akatazama sentensi ukutani, akamtazama bosi wake, akarudi kukaa.

Alhamisi ilikuwa siku ya dawa za mama. Zamu ilimwangukia mpelekaji mgeni, mtu mzima mwenye sauti nzito, wiki yake ya kwanza kazini. Saa tano simu ikalia.

"Bosi, samahani. Nimefika. Kijani ninaiona, bati ninaliona. Lakini huyu mzee wa redio simuoni."

Karakana ya chini walikuwa wanakata kioo. Akasubiri sauti ile ipite.

"Labda nimekosea nyumba," mpelekaji akasema. "Nizunguke nimtafute mtaa wa pili?"

"Usizunguke," akasema. "Hujakosea. Ni hapohapo alipokuwa. Gonga tu."

Hakukata simu. Akasikia mlango ukigongwa mara tatu, na mama yake, kutoka ndani, akiuliza ni nani.