Binti Aliyezaliwa Kambini

Watu wa Itumbe walimjua Bosibori kwa wepesi wa mikono yake katika kuchuma majani chai, na kwa ukavu wake mbele ya bintiye, Linet. Hakutaniana naye hata siku moja. Wanawake wa rika lake waliwachekesha wajukuu wao kwa maneno yenye chumvi. Yeye aliwatazama, kisha akakiinamia kikapu chake. Alikuwa na sababu. Linet hakuwa bintiye, alikuwa mjukuu wake.

Baba wa msichana alikuwa Duke, mwana pekee wa Bosibori, askari katika jeshi la Marekani. Linet alizaliwa kambini Ujerumani. Wajerumani hawakumpa uraia, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wageni wa kambi tu. Marekani nayo haikumpa, kwa kuwa Duke alikuwa askari wao lakini hajawa raia wao. Mama mzazi, Akong'o, alipofariki, Duke alikuwa ametakiwa kwenda vitani. Akamleta mtoto Itumbe angali ananyonya chupa.

Shule ilipodai cheti cha kuzaliwa, Bosibori alifanya aliloliona haki. Kwao mtoto ni wa nyumba, na nyumba ni ya mwanamke anayewasha moto wake. Akaapa mbele ya msajili kwamba amemzaa Linet papo hapo Itumbe. Hakujiona mwongo. Ila tangu siku ile ilimlazimu kushika pia miiko ya mama. Baina ya mzazi na mtoto ipo chinsoni, ile haya inayokataza utani na hata kutaja habari za uzazi. Nyanya hafungwi na haya hiyo, mama hufungwa. Basi kadiri Linet alivyokua, ndivyo ulimi wa Bosibori ulivyozidi kuwa mzito.

Sasa Linet yuko kidato cha nne, naye Duke, ambaye msichana humwita kaka, amepata uraia wa Marekani.

"Mama, nimemwombea Linet aje kwangu," Duke alisema kwenye simu asubuhi moja. "Lakini cheti cha huko kinasema ni dada yangu. Akitimiza miaka kumi na minane kabla hamjakirekebisha, mlango wa uraia kupitia kwangu umefungwa."

"Na nikisema kweli?"

"Watakifuta."

"Na mtihani wake, bila cheti?"

"Nawe uliapa, Mama. Sijui watakufanya nini."

Wiki hiyo wakaenda Kisii mjini. Bosibori alimwambia msichana kwamba wanakwenda kusahihisha jina, bila kusema zaidi. Njia nzima alikuwa kama mtu anayesikia mti ukilia kabla haujaanguka.

Ofisini kwa msajili walimkuta karani Obiero, kijana mcheshi wa kutoka kando ya ziwa. Alikisoma cheti, akacheka.

"Kumbe huyu ni kitinda mimba! Mama, ulikuwa na nguvu. Haya, niambie: ulimzaa wewe mwenyewe?"

Bosibori akaupakata mkoba wake. Linet alikuwa akimtazama.

"Mama, swali ni jepesi."

"Kwako, mwanangu."

Akamgeukia msichana. "Mke mwenzangu," alisema, "sogea hapa."

Linet alitabasamu kwanza. Kisha tabasamu likafa. Hivyo ndivyo nyanya wa huku humtania binti wa mwanawe, mama hathubutu.

"Umeniitaje?"

"Zachariah alikuwa mume wangu. Kwako alikuwa babu."

"Na Duke?"

"Ndiye baba yako. Aliyekuzaa aliitwa Akong'o."

Kicheko kilikuwa kimemwisha Obiero. Alikivuta cheti upande wake wa meza, taratibu, akaweka kiganja juu yake.

"Hiki kinabaki hapa. Nawe Mama utaitwa. Ukiitwa, uje na wakili."

"Na mtoto? Leo hii ni raia wa wapi?"

"Damu ya baba inampa haki ya Kenya, ikithibitishwa. Kwa leo, Mama, sina la kuandika."

Simu ikalia mkobani mwa Bosibori. Zipu ilikwama, akamsogezea Linet mkoba. Linet akaitoa, akaliona jina la Duke, akaipokea.

"Halo? Linet, ni wewe?"

Msichana alisimama na simu sikioni, akilitafuta neno la kumwitia, asilipate.