Mwaka Nilioficha Ng'ambo

Nakumbuka vizuri wiki ile barua mbili ziliponikuta kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, kwetu Kariobangi, zote zikisema nimepata nafasi ya kusomea udaktari. Moja ilitoka chuo cha hapa hapa Nairobi. Nyingine ilitoka ng'ambo, nchi ya baridi ambayo jina la mji wake kila mtu alilitamka kivyake. Nakueleza haya, mjukuu wangu, kwa sababu jana ulinitumia kwa simu picha za barua zako mbili za udaktari, moja ya hapa na nyingine ya ng'ambo, ukaandika tu, "Shosho, sasa nichukue gani?" Nimekaa nazo hapa Komarock tangu asubuhi. Nyumba iko kimya, hata redio sijafungua. Basi nisikilize, na uniwie radhi nikizunguka.

Baba yangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale wanafunzi hubeba kwenda bweni. Barua zilipofika aliacha nyundo akapita kibanda kwa kibanda akitangaza kwamba Wairimu anaenda ng'ambo. Hakuniuliza, nami sikumkatalia, maana nilipenda jinsi ilivyosikika. Kufikia Jumapili mchungaji alishanisimamisha mbele ya kanisa. Na ukishaombewa safari mbele ya kanisa, utaanza vipi kusema umebadilisha nia? Siku ya kuondoka watu walijaza basi zima kunisindikiza uwanja wa ndege, kina mama wakiimba. Kichwa kilinivimba, wacha niseme ukweli.

Huko nilikuwa peke yangu, mwanangu. Wiki nzima ilipita bila mtu kutamka jina langu sawasawa. Mwaka wa kwanza tulijifunza lugha yao, wa pili tukaanza masomo ya mwili wa binadamu, na wa tatu nikaanguka mtihani, nikaambiwa nirudie mwaka. Kurudia mwaka udaktarini si ajabu, wengi hurudia na kutoka madaktari wazuri sana. Lakini ningewaambia nini watu wa basi zima? Nikaandika nyumbani kwamba mambo yako sawa. Barua iliyofuata nikaandika hivyo hivyo. Likizo sikuja, nikisingizia kazi ya hospitali, kwa sababu nikija wataniuliza niko mwaka gani. Wenzangu walienda makwao, mimi nikabaki bwenini nasikia milango ikifungwa mmoja mmoja. Krismasi nilikula mkate mkavu nikilia, wala sikujificha, kwani nani angeniona?

Mwaka ambao nyumbani walidhani nimemaliza, baba akafa. Moyo, ghafla, akiwa kazini. Nilirudi kumzika. Pale kaburini mchungaji akasoma wasifu wa marehemu, na alipofika kwa watoto akasema, "Ameacha binti, Daktari Wairimu." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado nina mwaka mzima wa kusoma. Baadaye mama mmoja akaja na mguu uliovimba, akaniomba nimwangalie. Nikamwambia aende hospitali.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote Mzee Okumu, aliyefanya kazi na baba kibanda kimoja miaka hiyo yote. Nilidhani atanituliza. Badala yake akauliza, "Kwa hivyo ulikuwa unamwogopa baba yako?"

Nikasema sikumwogopa, niliona haya.

"Ni kitu kimoja hicho. Baba yako angekasirika siku mbili, Wairimu. Ya tatu angekuja niandike barua ya kukupa moyo, maana yeye kusoma na kuandika hakujua. Barua zako zote mimi ndiye nilimsomea. Nikimaliza ananiuliza, 'Na mbona haji?' Kila mara."

Nilimaliza mwaka uliofuata, nikatibu watu mpaka nikastaafu. Swali hilo la baba bado ninalo.

Sasa wewe. Sikukatazi kwenda mbali. Uliza kama shahada ya huko inatambuliwa hapa, uliza utaanza lini kuwaona wagonjwa, na uulize mtu anayejua, si jirani. Langu mimi ni hili. Usiziweke barua hizo kwenye grupu la familia kabla hujaamua, maana pongezi zikianza hutasikia tena moyo wako unataka nini. Na kokote utakakoenda, siku utakapoanguka mtihani, na kuna mmoja utakaokuangusha, piga simu nyumbani siku hiyo hiyo. Kama unaona kuna chuo ambacho ukiwa huko utashindwa kupiga simu hiyo, kiache, hata kiwe na jina kubwa namna gani.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mikono mizuri na usingizi mwema. Na mkifunga chuo uje nyumbani, hata kama umeanguka masomo yote. Uje tu.